Masinia Matatu ya Kambi ya Mpunga

Siku tulipomaliza msiba wa Kocha, wachezaji wake wa zamani walikaa uani kwenye viti vya plastiki, matumbo mbele, magoti yakilia kila mtu anapotaka kunyanyuka, na kijana mmoja wa redio akaweka simu yake katikati yao akawauliza: kujenga timu bingwa kunahitaji nini? Weee, walivyojibu! Mmoja akasema nidhamu. Mwingine akasema mazoezi ya mchangani kule Matema, kupanda na kushuka mpaka mtu anatapika. Gwakisa, aliyekuwa nahodha na beki wa kati, ambaye sasa ndevu zimekuwa nyeupe zote, akasema siri ilikuwa ukuta wa mabeki, maana yake yeye. Mimi nilikuwa nawamiminia chai. Nilipofika kwa Lusajo, kipa wao, akanitazama, akacheka, akamwambia yule kijana kwamba yeye hana la kusema, wakaulizwe wa jikoni. Kijana akadhani ni utani, akazima simu yake. Haya. Mimi redio sina, ila daftari ninalo, na mtu asije akaniambia najisifu, kwa sababu ndicho hasa nilichokaa hapa kukifanya.

Kocha alikuwa baba mkwe wangu. Jina lake sitaliandika. Si kwamba nimelisahau. Ni kwamba kwetu Unyakyusani mke wa mtoto halitaji jina la baba mkwe, hamtazami usoni, hapiti mbele yake, hasemi naye. Siku hizi wasichana wanawakumbatia baba wakwe zao na kupiga nao picha, nami siwalaumu. Lakini mimi niliolewa katika nyumba iliyoshika mambo hayo, na yeye aliyashika kwa upole. Kabla ya kukata kona ya nyumba alikuwa anakohoa mara mbili ili nipate muda wa kuingia ndani au kujifunika kitenge. Nikimkuta njiani naingia kwenye migomba namgeuzia mgongo, naye anapita akitazama upande wa pili. Nilikaa katika nyumba ile miaka mingi nikijua mlio wa ndala zake na kikohozi chake, na namna anavyokoroga chai mpaka kijiko kinalia, lakini ungeniuliza macho yake yakoje, nisingekujibu. Watu wa nje wanaona ni uonevu. Mimi niliona ni adabu, na kuna siku iliniuma, na nitasema siku gani.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, ndoa yangu ina miaka miwili. Mume wangu alikuwa ananunua kakao Busale na Makwale, anarudi nyumbani Jumapili. Timu yetu iliitwa Mpunga, na ilikuwa timu ya kazi kweli, ya wachezaji wa mikataba wanaoishi kwa mpira, siyo vijana wa kucheza jioni baada ya shamba. Kambi ilikuwa hapohapo kwetu Bujonde, ndani ya ghala refu la zamani la kakao ambalo Kocha alilikatakata kwa mbao likawa vyumba sita. Harufu ya kakao iliyovundikwa haikutoka kwenye kuta zile hata baada ya kupaka chokaa mara tatu. Wachezaji wageni wakifika walikuwa wanauliza nani kamwaga pombe. Jiko lilikuwa limeegemea ghala kwa nyuma. Kati ya jiko na chumba cha kulia kulikuwa na ukuta wa matofali wenye matundu ya kutolea moshi, juu kidogo ya kichwa changu, na kidirisha kimoja cha kupitishia vyakula. Mama, yaani mama mkwe, magoti yalikuwa yanamsumbua, kwa hiyo kupikia wanaume ishirini na wanne kukawa kazi yangu na ya mabinti wawili wa jirani. Mama yeye alikuwa akimpelekea Kocha chakula chake na kuniletea maneno yake. Kila nilichokijua kuhusu timu ile nilikisikia kupitia matundu yale, huku nachambua mchele.

Na ni kupitia matundu hayo ndipo nilipomsikia Bwana Athumani. Huyu ndiye aliyekuwa akiilisha timu. Ana maduka mawili Kyela mjini, la vitambaa na la spea za pikipiki, babu yake alitoka Kilwa na mzigo wa chumvi akaoa hapahapa, na yeye mwenyewe alizaliwa hapa na anaongea Kinyakyusa kuliko wajukuu zangu. Alipenda mpira vibaya sana. Mzunguko wa kwanza ulipokwisha tulikuwa nafasi ya tano, na anayepanda kwenda ligi kuu ni mmoja tu. Siku hiyo alikuja bila dereva, akakaa chumba cha kulia na Kocha. Halafu akasema kuna watu wa mjini wanaitaka nafasi yetu kwenye ligi; wataichukua timu, waibadilishe jina, waihamishie kwao. Amewazuia misimu miwili. "Mwaka huu msipopanda, Kocha, mimi nitawaachia," akasema. "Sina nguvu nyingine." Nilimsikia Kocha akikoroga chai iliyokwisha kunywewa, kijiko kinagonga kikombe kitupu. Alikuwa ameijenga timu ile tangu inacheza na mpira wa kushonwa mara tatu, kwenye kiwanja ambacho masika yakifika maji ya mpunga yanaingia mpaka kwenye nyavu, na kambale wanapatikana kwenye kona. Mama usiku ule hakula. Mimi nilipika ndizi zikaungua, jambo ambalo halijawahi kunitokea, nikawapa hivyohivyo wakazila.

Sasa, tatizo la timu yetu halikuwa miguu. Hilo nililijua mapema, na nitasema nililijuaje. Mechi za nyumbani Kocha alisimama katikati ya kiwanja, pembeni, kwa hiyo mimi sikuweza kukaa na watu wengine jukwaani ambako angeniona. Nikatafuta pembe ya mbali kabisa: nyuma ya goli la upande wa mtoni, ambako kuna migomba. Nilikuwa nikimaliza kuosha vyombo napita njia ya nyuma, nasimama pale na kitenge changu. Wengine wanauona mpira kwa upana. Mimi niliuona kwa nyuma ya kipa, karibu kiasi cha kumsikia akihema. Na nilichokisikia kwa Lusajo ni kimya. Kipa anaona uwanja mzima, yeye ndiye wa kusema njoo, toka, acha, wa nyuma yako huyo. Lusajo alikuwa na miaka ishirini, mtoto wa wakulima wa Busale, kanisani kila Jumapili, mikono mirefu, anadaka utadhani mpira una gundi. Lakini mbele yake wamesimama Gwakisa na wenzake wenye miaka thelathini na zaidi. Wallahi, kama anavyosema Bwana Athumani, yule kijana alikuwa anamwamkia Gwakisa shikamoo ndani ya kumi na nane. Mpira unakuja, yeye anasema "kaka, samahani, kaka," na kabla hajamaliza samahani, tumefungwa.

Goli lililoniumiza zaidi tulifungwa na wageni kutoka upande wa Ruvuma. Krosi ya kawaida tu, ya mikononi. Lusajo akatoka, Gwakisa akarudi, kila mmoja akamwona mwenzake, kila mmoja akamwachia mwenzake kwa heshima zote, na mpira ukapita katikati yao polepole. Mshambuliaji wao hata hakupiga, aliusindikiza. Jioni ile nilimsikia Lusajo uani, akifua soksi, anamwambia mwenzake, "Ningemwambiaje kaka Gwakisa acha? Acha ni neno la kumwambia mtoto." Na chumba cha kulia nilimsikia Kocha akiwafokea mabeki wasilegee, wakimbie zaidi, wakaze buti. Kesho yake akawapeleka mchangani Matema asubuhi na jioni. Alidhani ni miguu. Yeye anasimama katikati ya uwanja, kimya cha golini hakimfikii. Na mimi niliyekisikia sikuwa na mdomo wa kumwambia. Hiyo ndiyo siku iliyoniuma.

Ningeweza kumtuma Mama, mtasema. Nilijaribu. Mama aliniambia, kwa upole, kwamba mambo ya mpira ni ya wanaume na mzee kwa sasa ana hasira, tusimwongezee. Mume wangu naye akacheka, akaniuliza tangu lini napanga kikosi. Basi nikanyamaza, nikaendelea kupika, lakini jicho likawa wazi. Nikaanza kuona jambo ambalo lilikuwa mbele yangu siku zote, na kwa kuwa nilikulia ndani yake sikuliona. Kwetu mtu hula na rika lake. Wakubwa pamoja, wa kati pamoja, vijana pamoja. Kijana hatii mkono kwenye chakula cha mkubwa, na mkubwa hachezi na kijana wakati wa kula. Kocha aliipanga kambi hivyohivyo, wala hakuifikiria mara mbili. Wakubwa walikula mezani, wa kwanza, na vichwa vya mbasa, wale samaki wakubwa wa ziwani, wakapelekewa wao. Wa kati wakakaa kwenye benchi. Vijana wakala mwisho, nje, kwenye mkeka, dagaa wa usipa na mchuzi uliobaki. Hata wale wageni wa kutoka mikoa mingine walifuata utaratibu wa nyumba. Lusajo na Gwakisa walilala ghala moja miezi sita bila kutia mkono kwenye chombo kimoja. Walikuwa wanaheshimiana tu, basi, na timu haijengwi kwa hilo peke yake. Mimi nasema hivyo, na niliolewa kwa adabu.

Kilichonifungua macho ni vyombo. Mzunguko wa pili ulipoanza walisajiliwa watu wanne zaidi, sahani zikawa hazitoshi, Mama akanituma mjini kwa Bi Zuhura, mke wa Bwana Athumani, nikaazime. Nilifika Ijumaa mchana, watu wametoka kuswali. Kwenye mkeka sebuleni palikuwa na sinia moja kubwa la pilau, na kulizunguka amekaa Bwana Athumani mwenyewe, mjukuu wake wa darasa la nne, dereva, na yule kuli anayepakua mizigo dukani. Mikono yote humo. Nikasimama mlangoni nimeshikwa na aibu kana kwamba nimewakuta wanaoga. Halafu yule kuli akamwambia bosi wake, bila hata kuinua kichwa, "Bosi, hiyo nyama iko upande wangu." Nikangoja nione atakavyofukuzwa kazi. Bwana Athumani akacheka, akairudisha nyama. Bi Zuhura aliniona nilivyotoa macho, akanivuta jikoni, akasema, "Tusekile mwanangu, sinia halina mkubwa. Kila mtu anakula mbele yake, na anayezidi anaambiwa." Nilirudi Bujonde na masinia matatu ya shaba kichwani, nimeyafunga kwa khanga, na njia nzima nilikuwa naongea peke yangu.

Jumatatu mchana niliyaosha, nikapakua wali wote humo, mchele wetu wa Kyela unaonukia mpaka barabarani, nikapanga mbasa juu, vichwa na mikia bila kubagua. Nikawaambia wale mabinti wayapitishe dirishani na kutangaza kwa sauti: sinia la kwanza makipa na mabeki, la pili viungo, la tatu washambuliaji. Sahani hamna. Upande wa pili nikasikia kiti kinasukumwa. Gwakisa akauliza, taratibu, ni nani aliyeamua mambo haya, na binti mmoja, Mungu amsamehe, akajibu kwamba ni amri ya kambi. Wakakaa. Siku ile sinia la kwanza lilirudi na nusu ya wali. Vijana walikula matonge mawili wakanawa. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Lusajo alionekana mazoezini anatetemeka, na ndipo ikajulikana kwamba kipa wa timu ana njaa kambini kwa sababu haya zinamzuia kula mbele ya kaka yake. Wakubwa wakaenda kwa Kocha. Wakasema wanadharauliwa.

Akaja jikoni. Hajawahi kuja jikoni maishani mwake. Nilisikia kikohozi, mara mbili, kikasimama nyuma ya ukuta upande wa kuni. Nikajifunika kitenge nikakaa chini karibu na mafiga. Mama alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, akiwa anatuona wote wawili. Mazungumzo yale yalikwenda kwa desturi: yeye anasema kwa Mama, Mama ananirudishia mimi, mimi nasema kwa Mama, Mama anamrudishia yeye, ingawa tulikuwa tunasikiana kama watu walio chumba kimoja. Kocha akasema Mama aniulize ni nani amechanganya wakubwa na wadogo. Mama akaniuliza. Nikasema ni mimi. Mama akamwambia ni yeye mkwe wako. Kocha akasema kama kazi imenielemea atatafuta mpishi mjini, si aibu. Niliogopa, sitawaficha. Jiko lile lilikuwa ndilo mahali pangu pekee katika nyumba ile, na nikitolewa pale kwa kosa la kuwavunjia wakubwa heshima, nitaonekana nini mbele ya ukoo mzima? Lakini niliukumbuka mpira ule wa Ruvuma ukipita katikati yao polepole, na hasira zikanipanda kuliko woga.

"Mwambie baba," nikasema, "Lusajo haongei golini. Anawaona wote na hasemi, kwa sababu hawezi kumwambia acha mtu ambaye hajawahi kumwambia sogeza mkono. Lile goli la Ruvuma halikuwa la miguu. Walipishana kwa adabu."

Mama akaanza kuyarudia, akaishia katikati. Hakuna aliyehitaji yarudiwe. Nyuma ya ukuta nikasikia ukuni mmoja ukigeuzwageuzwa, nadhani kwa ncha ya ndala yake.

"Muulize amejuaje kwamba haongei," akasema.

Nikasema mwambie nasimama nyuma ya goli la mtoni, kwenye migomba. Tangu mechi ya kwanza ya msimu. Kila mechi.

Mimi nilikuwa nangoja kufukuzwa. Mke wa mtoto anakimbia vyombo kwenda kujificha migombani aangalie wanaume waliovaa kaptula wakicheza; ukilisema hivyo, lilikuwa jambo zito. Halafu akasema, "Mwambie masinia yabaki. Na yule kipa nitakaa naye mwenyewe mpaka ale." Akakohoa mara moja, akaondoka. Mama akaniambia niongeze chumvi kwenye maharage.

Akafanya alivyosema. Mchana ule akaburuta kiti, akakaa pembeni ya sinia la kwanza, yeye mwenyewe hali kitu, anatazama tu. Wiki ikapita hivyo, wanakula kama watu walio kwenye mtihani. Kisha Alhamisi moja, mvua inapiga bati, mimi nimesimama juu ya kinu kilichopinduliwa ili masikio yafike kwenye matundu, nikasikia sauti ya Lusajo, nyembamba lakini inasikika: "Kaka, sogeza mkono. Hicho kichwa kiko upande wangu." Nikashikilia tundu kwa vidole nisianguke. Halafu Gwakisa akaangua kicheko, kicheko kikubwa cha tumboni, akasema, "Kumbe una mdomo! Mbona uwanjani unaniambia samahani?" Na wote wakacheka, hata Kocha. Nikashuka kwenye kinu nikalia, kisha nikajifuta, kwa sababu wale mabinti walikuwa wananishangaa.

Tangu siku ile chumba cha kulia hakikutulia. Yalianzia kwenye samaki yakahamia kwenye mpira: wewe jana hukurudi, wewe ulinikatia njia, ulimwona yule winga ukanyamaza kwa nini? Walichora kwa vidole kwenye mabaki ya wali siniani nani asimame wapi. Viungo waligombana kuhusu ndizi mpaka nikawa nawasikia wakicheka baadaye kwenye mkeka, wakubwa na wadogo. Wale wanaosema timu bingwa hununuliwa, waende wakanunue. Kuna timu kwenye ligi ile zilikuwa na wachezaji wakali kuliko sisi, wanalala hotelini, kila mtu na chumba chake na sahani yake. Tuliwafunga. Mechi ya ugenini ya kwanza hatukufungwa, ya pili hatukufungwa, na magazeti ya michezo yakaanza kuandika ukuta wa Mpunga. Mimi nilikuwa najua ukuta ule ulijengwa kwa nini. Nilikuwa naupakua kila mchana.

Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, dhidi ya walioongoza. Tukishinda tunawapita kwa pointi moja, sare haitoshi. Kyela yote ilifunga milango. Watu walitoka Ipinda na Matema kwa malori ya mpunga, Bwana Athumani alivaa kanzu nyeupe akakaa kwenye kiti ambacho hakukikalia hata dakika mbili. Wale watu wa mjini wanaoitaka nafasi yetu nao walikuja, wanne, wamevaa miwani ya jua. Mimi nilikuwa kwenye migomba yangu. Kipindi cha kwanza hakuna. Kipindi cha pili Lusajo akawa upande wangu, na sasa kipa wangu alikuwa mtu mwingine. Alikuwa anafoka kama mnadi wa soko la Alhamisi. Gwakisa, kushoto! Toka, tokeni, tokeni! Zilipobaki dakika ishirini winga wetu akaingia na mpira, akapiga, moja bila. Mcheza kwao hutunzwa; watu walimrushia kofia, matunda ya kakao, hata kuku mmoja mzima.

Halafu dakika za mwisho wakatubana. Kona, kona, kona tena. Mwamuzi ameangalia saa. Ikaja krosi, ileile ya Ruvuma, naapa, urefu uleule, na nikamwona Gwakisa anarudi nyuma akiitazama, na Lusajo anatoka, na katikati yao mshambuliaji wao anangoja kuusindikiza. Nilishika mgomba nikafumba macho. Nikasikia neno moja, kali, la mtu asiyeomba radhi kwa yeyote: "Acha!" Nilipofumbua, Gwakisa, na miaka yake yote, ameinamisha kichwa, mpira umepita juu yake, na uko mikononi mwa Lusajo kifuani. Filimbi ikalia kabla hajaupiga mbele.

Sijui ni nani alikumbatia nani. Uwanja ulijaa. Mimi nilikuwa naruka peke yangu kwenye migomba na kitenge kimeanguka, nikipiga vigelegele bila haya, timu imebaki Kyela, imepanda ligi kuu, haiendi kwa mtu. Ndipo nikaona watu wanapisha njia katikati ya kiwanja, na Kocha anakuja. Hakwenda kwa Bwana Athumani, wala kwa wachezaji waliotaka kumbeba. Anakuja moja kwa moja kwenye goli la mtoni. Nikaokota kitenge nikageuka nikimbie, na nyuma yangu ni mtaro wa maji ya mpunga, hakuna njia. Nikasikia kikohozi, mara mbili. Nikajifunika. Nilipochungulia, alikuwa amefika kwenye mstari wa goli, akageuka akanipa mgongo, nyavu zikiwa kati yetu. Alivua kofia yake. Mvi zake sikuwahi kuziona kabla ya siku ile.

Mama hakuwepo. Hakukuwa na mtu wa kurudia maneno.

"Ndaga fijo, asante sana, mkwe wangu," akasema, kwa sauti ya kawaida, bila kugeuka. "Timu hii umeijenga wewe."

Desturi ilinizuia kujibu. Nilipiga magoti pale kwenye majani ya mgomba. Yeye asingeweza kuona. Lakini Lusajo alikuwa bado amesimama golini na mpira kifuani, ametuona wote wawili, na kwa sauti ile aliyokuwa ameipata mwaka ule akamwambia, "Amesikia, Kocha. Amepiga magoti." Mzee akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake, akarudi kwa watu. Nami nikakunja sketi yangu nikavuka mtaro kwa miguu, kwa sababu wageni wangekuwa wengi na wali ulikuwa haujabandikwa.